Ufagio Ulipofika kwa Deolinda

Kwa Mtakatifu Amaro mwenyewe Deolinda Nóbrega hakuwa na neno. Neno lake lilikuwa kwa ufagio, na kwa mikono itakayoushika.

Tarehe kumi na tano ya Januari ni siku ya kufagia makabati. Kwao Madeira, kisiwa cha Wareno, wanafagia, na hawa waliohamia Jersey, kisiwa cha Kiingereza, nao wanafagia, maana mtu wa Madeira hata ukampeleka mwezini atashuka na ufagio wake kwapani. Krismasi imeshakwisha, lakini majumbani bado kuna mabaki: nyama ya nguruwe ya siki na saumu, tini kavu, chupa iliyobaki vidole viwili. Basi watu wanakusanyika na kinanda cha kodiani na ufagio mmoja uliofungwa utepe mwekundu, wanapita nyumba kwa nyumba, wanafungua kila kabati, na kilichomo kinaliwa. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukataa, wala ya kumkataa mtu. Mwenye ufagio hafukuzwi. Na kabati likikutwa tupu, wanagonga vifuniko vya sufuria na kuliimba jina lako mpaka Pasaka.

Kwa Deolinda vifuniko vilikuwa havijawahi kugongwa. Miaka thelathini na moja aliyokaa St Helier, mji mkuu wa Jersey, hata ule mwaka aliovunjika mguu, makabati yake yalikutwa yamejaa. Hilo alikuwa akilisema kila mara, na asiyetaka kulisikia alilisikia pia.

Ufagio wenyewe unashikwa kwa zamu. Mwaka ule zamu ikamwangukia Zita.

Zita ni mdogo wake Deolinda, tumbo moja, ziwa moja. Anakaa mtaa wa pili. Kanisani huyu anakaa kulia na yule kushoto kama mishumaa ya altare, na kwa miaka sita hawajasemeshana.

Kisa ni mama yao, Perpetua. Mama huyo alikuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini kila tarehe nane ya Desemba alioka keki za asali ya miwa, zile nyeusi zinazokaa mwaka mzima bila kuharibika, na akazitia alama. Keki ya mtoto wa kwanza aliibandika lozi moja katikati, ya mtoto wa pili lozi mbili, akazifunga kwa karatasi ya nta na uzi wa buluu, fundo lake mwenyewe ambalo hakuna mwingine aliyeliweza. Baada ya kuoka zile za mwisho akaugua. Deolinda aliomba ruhusa hotelini alikokuwa anafua mashuka, akapanda ndege kwenda Madeira siku ile ile. Zita alikuwa anafunga viazi kwenye ghala, akasema, nitakuja Jumamosi. Mama akafa Alhamisi. Jumamosi ukungu ukaangukia Jersey kama blanketi lililolowa, ndege hakuna. Jumapili hakuna. Jumatatu hakuna. Zita alifika Jumanne, maua ya kaburini yameshasinyaa, akamkuta dada yake amesimama langoni.

"Umekuja kumwona nani?" Deolinda akamwuliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho. Usiku wa kuondoka alizitoa zile keki mbili kabatini kwa marehemu, moja akaisukumia upande wa Zita juu ya meza bila kumtazama usoni, nyingine akaitia kwenye mkoba wake. Zita aliila yake. Deolinda hakuigusa yake, hata uzi hakuufungua. Mwaka wa pili Zita akamtuma shemeji yake aombe kipande kidogo tu, siku ya kumbukumbu ya mama. Jibu alilorudi nalo lilikuwa hili: "Mwambie la mazishi hakuliwahi, la kula akaliwahi."

Mtu mwenye roho hiyo ndiye anayetakiwa amfungulie mlango mwenye ufagio.

"Sifungui," akasema asubuhi ile, anakatakata vitunguu kana kwamba vimemtukana.

"Utafungua," akasema Agostinho, mume wake. Agostinho ni mwanamume mrefu, mpole, akili yake nusu iko kwenye kodiani na nusu kwenye banda lake la vioo nyuma ya nyumba. Humo ana mgomba. Mgomba wa Madeira kwenye kisiwa cha baridi, anaulea mwaka wa kumi na moja huu, anauwashia hita wakati mke wake analala na soksi mbili, na mgomba haujawahi kumpa hata ndizi moja. "Mwenye ufagio hafukuzwi, Linda. Hata angekuwa shetani."

"Shetani angekuja mazishini. Huwa hakosi."

Agostinho akatoka zake bandani. Kwa watu wa aina ile ndiyo hekima yote waliyonayo, kutoka zao.

Sasa keki. Watu wote walijua ipo, hakuna aliyejua iko wapi. Kila Januari Deolinda aliihamisha. Mwaka mmoja ililala ndani ya mashine ya kufulia, mwaka mwingine ndani ya sanduku la mti wa Krismasi. Safari hii alikuwa ameiweka bandani kwa Agostinho, ndani ya ndoo kuukuu nyuma ya mgomba, akaifunika gunia. Bandani hakuna makabati. Hata Zita na pua yake hataingia kufagia udongo.

Saa nane hivi Agostinho akarudi jikoni, amevua kofia, macho yamelowa.

"Nani kafa?" Deolinda akauliza.

"Umetoa ua."

"Nini?"

"Mgomba. Umetoa ua, Linda. Zambarau, kubwa kama moyo wa ng'ombe." Akakaa kwenye kiti. "Leo watu wote wakija nawapeleka bandani. Wote. Wakaone wenyewe, wale waliokuwa wananicheka."

Deolinda kisu kikamsimama mkononi. Miaka kumi na moja ule mgomba umelala, ukaichagua siku hii. Akakimbia bandani na mguu wake mbovu, akaichomoa keki kwenye ndoo, akarudi nayo chini ya aproni kama aliyeiba. Mlangoni akakutana na mkwe wake, Tamsin.

Tamsin ni mke wa Dinis, mtoto wao wa pekee. Yeye ni wa pale pale Jersey, babu zake wamelima viazi kwenye miteremko ile tangu viazi havijajua kuota. Msichana mzuri, mwepesi wa kazi, ila ana ugonjwa wa kutaka kusaidia. Hiyo ilikuwa Amaro yake ya kwanza.

"Mama, nikusaidie nini?"

Barabarani kodiani ilikuwa imeshaanza kusikika. Hakukuwa na muda wa kuchagua.

"Chukua hii. Kaifiche mahali wasipofagia. Usimwambie mtu, hata mume wako, hasa mume wako. Ana mdomo kama ndoo iliyotoboka."

"Wanafagia wapi?"

"Kwenye makabati, mwanangu, si ndiyo siku yenyewe."

Tamsin akaondoka mbio. Deolinda akanawa uso, akapanga nyama mezani, tini, jozi, keki za mwaka huu mbili alizozioka mwenyewe, chupa za pombe ya miwa na limau. Kila kabati la jikoni akalipitia kwa jicho: limejaa, limejaa, limejaa. Lile la juu ya friji hakulifungua. Humo huwa anaweka mtungi wa tini za akiba, na mtungi ulikuwemo tangu Desemba.

Wakafika. Watu kumi na watano, pua nyekundu kwa baridi, wanaimba mlangoni:

*Mwenye nyumba, fungua, Amaro yu mlangoni,*
*njaa tumekuja nayo, shibe tutaacha ndani.*

Mbele yao Zita. Mfupi, mashavu ya mviringo, kofia ya sufi, ufagio na utepe wake begani kama askari. Zita anacheka na kila mtu, na kwa hiyo kila mtu anampenda. Hakuna anayemwuliza anachocheka.

Deolinda akafungua mlango. Akatazama juu ya kofia ya Zita, akawaambia walio nyuma:

"Mwambieni mwenye ufagio afute miguu."

Zita akawageukia hao hao. "Mwambieni mwenye nyumba miguu imefutwa tangu kwa Gouveia."

"Mwambieni kwa Gouveia ni kwa Gouveia. Hapa sakafu imepigwa deki."

Zita akafuta miguu. Akaifuta polepole, mmoja, kisha mwingine, kisha ule wa kwanza tena, watu wanakufa kwa kicheko, na Deolinda amesimama na mlango mkononi kama mnara.

Wakaingia. Wakala. Agostinho akawapeleka bandani wanne wanne, kila kundi likarudi limenyamaza kidogo, maana ua lilikuwa ua kweli, na aliyeucheka mgomba kwa miaka kumi na moja sasa alikuwa hana la kucheka. Mzee Abreu, ambaye kila Jumapili alikuwa akimwuliza Agostinho kama mgomba umeshajifunza Kiingereza, alimshika mkono akautikisa. "Nimekula maneno yangu," akasema. "Yalikuwa makavu. Nipe kinywaji."

Kisha wakaanza kufagia. Kabati la vyombo: biskuti, zikaliwa. Kabati la ngazini: chupa ya likeri ya cheri ambayo Agostinho alidhani haijulikani, ikanywewa, naye akatazamwa na mke wake kwa namna ambayo atailipia Februari nzima. Kila Zita alipofungua kabati alipitisha ufagio mle ndani, akapaza sauti, "Kuna kitu," na watu wakaitikia, "Kiliwe."

Deolinda akamvuta Tamsin pembeni. "Umeiweka wapi?"

Tamsin alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. "Pale juu ya friji. Nimeutoa mtungi wa tini nikauweka mezani kwa wageni, ili lile kabati lionekane halina maana. Nani atapanda kule?"

Deolinda akafumba macho. "Mwanangu, nimekwambia wasipofagia."

"Lakini ni juu sana, Mama."

Zita alikuwa ameshavuta stuli.

Akapanda. Mtu mfupi kwenye stuli, Dinis anamshikilia miguu, ufagio mkono mmoja. Friji ile ni pana na kabati limeingia ndani, aliye chini haoni kilichomo. Akafungua mlango. Akauinua ufagio apitishe.

Ufagio haukupita.

Deolinda alikuwa anaona shingo tu, na mkono. Mkono ulishuka, ukaingia kabatini, ukatulia humo. Hakuhitaji kuambiwa umegusa nini. Uzi wa buluu una fundo ambalo vidole vya watu wawili tu duniani vinalijua. Na sheria iko wazi: kilichofagiwa ni cha wafagiaji. Zita angesema neno moja, keki ingeshuka, watu kumi na watano wangeila kwa pombe ya limau, na Deolinda asingekuwa na pa kushtaki.

"Vipi huko, Zita?" Abreu akaita. "Umepata au umelala?"

Zita akautoa mkono. Akafunga mlango wa kabati taratibu.

"Tupu," akasema.

Watu jikoni wakatazamana. Kisha wakakumbuka wako kwa nani, na furaha ikawapanda mpaka kichwani. Miaka thelathini na moja. Vifuniko vikatoka, hata haijulikani vimetoka wapi. Wakagonga. Wakaimba jina. *Deolinda, Deolinda, panya wako wamehama.* Abreu alikuwa anagonga sufuria kwa kijiko na machozi yanamtoka.

Deolinda alisimama katikati ya kelele zile. Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi: anyamaze. Keki imesalimika, na aliyeisalimisha ni yule yule. Kwaresima ingefika, watu wangesahau. Lakini angalia alivyoumbwa. Kuokolewa na Zita lilikuwa jambo moja. Kuitwa mwenye kabati tupu, mbele ya Gouveia, na Abreu, na mkwe wake mgeni, lilikuwa jambo la pili. Na la tatu, ambalo hakulisema kwa mtu, Zita alikuwa ameshashuka kwenye stuli, anacheka kama kawaida yake, na ule mkono uliogusa uzi alikuwa ameukunja kifuani kama umeungua.

"Nyamazeni," akasema Deolinda.

Wakanyamaza. Hata kodiani.

"Huyu mwanamke hajui kufagia. Kazaliwa hivyo." Akapanda stuli mwenyewe, mguu mbovu na yote, Dinis anamfuata nyuma mikono imetandazwa kama anayedaka yai. Akashuka na kifurushi. Akakiweka katikati ya meza.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Mama Gouveia alijipiga msalaba.

Tamsin, Mungu ambariki, akaja na kisu.

"Mkwe wangu," akasema Deolinda, "rudisha hicho kisu kabla sijakuacha kwa niaba ya mwanangu. Keki hii haikatwi. Inavunjwa kwa mkono."

Fundo lilimchukua muda. Kucha zake zilikuwa fupi na uzi ulikuwa umekauka. Mwisho akakisukuma kifurushi upande ule wa meza, bila kumtazama mtu, na Zita akaweka ufagio chini, akaukamata uzi sehemu mbili, akauvuta mara moja. Ukafunguka. Karatasi ikafuata, na harufu ikatoka: karafuu, shamari, ganda la chungwa, moshi wa jiko la kuni ambalo halipo tena.

Keki ilikuwa nyeusi kama kiatu cha padri. Katikati yake lozi mbili.

Deolinda akatazama. Akainama akatazama karibu zaidi, akapitisha kidole, labda moja imepasuka. Hazikupasuka. Zilikuwa mbili, bega kwa bega.

"Hii siyo yangu," akasema.

"Siyo," akasema Zita.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita neno la mmoja kumjibu mwingine bila kupitia kwa watu.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile. Nilifungua yangu nikaona lozi moja."

"Na ukaila."

"Nilikuwa na njaa, dada. Na nilikuwa nalia. Mtu akilia anakula."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ulikuwa husemi nami. Nilimtuma Agostinho aombe kipande, ukaniletea tusi."

Deolinda akamgeukia Agostinho. Agostinho akaanza kuitazama dari kwa makini, kama vile nayo imetoa ua.

"Miaka sita," Deolinda akasema polepole, "nahamisha keki ya mtu. Kwenye mashine ya kufulia. Kwenye ndoo. Nimeilinda kuliko meno yangu."

"Umeilinda vizuri. Haijapata hata ukungu." Zita akasita, maana hilo neno lilimtoka kabla hajalipima. "Mimi ukungu ndio ulionikamata."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nilikaa uwanja wa ndege siku tatu na sanduku miguuni. Nilikuwa natoka nje kuutazama. Unaunyoosha mkono, huuoni."

Deolinda akaishika keki kwa mikono miwili, akajaribu kuivunja. Haikuvunjika. Akaibana kwenye ukingo wa meza akaiegemea kwa kifua chote, ikatoa mlio wa mti mkavu, ikagawanyika, na vipande vikaruka mpaka kwenye mikunjo ya kodiani. Wakacheka wote, hata waliokuwa wanafuta macho. Kila mtu akapata chake. Kilikuwa kigumu, ukikiweka mdomoni unakisubiri kama unayemsubiri mgeni, halafu polepole kinalainika, na unamkuta Perpetua mzima yumo. Agostinho akasema ni kokoto tamu kuliko zote alizowahi kula. Tamsin alitafuna kimya, akaomba kingine, na Deolinda akampa kikubwa, maana aliyekosea kwa nia njema anastahili kula akashiba.

Kile kipande chenye lozi mbili alikibakiza. Akakisukumia upande ule wa meza.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"La mazishi liko pale pale."

"Liache pale pale."

"Na sasa umeongeza lingine. Umekula keki yangu."

Zita akakitia mdomoni, akakisubiri kilainike, shavu limevimba. "Ilikuwa tamu," akasema. "Tamu kuliko hii. Wewe mama alikuwa anakuzidishia asali."

Kitu kikamtoka Deolinda puani, na waliokuwepo wanagombana mpaka leo kama kilikuwa kicheko au mafua.

Giza liliingia mapema kama kawaida ya Januari, wageni wakaanza kuvaa makoti, bado nyumba tatu mbele. Sakafu ilikuwa imejaa vipande vyeusi. Zita akauchukua ufagio wake na utepe wake, akauweka begani, akageukia mlango.

"Unakwenda wapi?" akasema Deolinda, ameshakaa kwenye kiti, mguu mbovu juu ya stuli. "Umekuja na ufagio. Fagia."

Zita akausimamisha ufagio chini, akaanza kufagia, na kodiani ikamsubiri nje. Alipofika kwenye kile kiti Deolinda akauinua kidogo mguu ulio mzima apite, na alipopita akaushusha.

"Na chini ya friji," akasema.